Namna ya Kuainisha Kasoro za Kuzaliwa Nazo za Mfuko wa Uzazi, Mlango Wake na Uke

Bahasha ya kaki aliyokuja nayo mama mmoja kutoka Ahero ilikuwa imechakaa pembe zote nne. Ndani mlikuwa na filamu ya eksirei ya mirija na karatasi yenye sentensi moja: mfuko wa uzazi una pembe mbili. Alikuwa ameibeba sentensi hiyo kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo mimba tatu zilikuwa zimeharibika. Nilipoiinua filamu kwenye mwanga wa dirisha nilikiona alichokiona aliyeiandika, yaani vivuli viwili vyeupe vilivyoachana kama herufi V. Tatizo ni kwamba eksirei hiyo huonyesha rangi iliyojaa katika uwazi wa ndani tu, wala haionyeshi nyama inayouzunguka uwazi huo. Mfuko mmoja uliogawanywa ndani na kiambaza, yaani ukuta wa nyama, na mfuko uliogawanyika kuanzia nje ukawa na pembe mbili, hutoa kivuli kilekile. Tulipompiga picha ya ultrasaundi ya 3D, sehemu ya juu ya mfuko wake ilionekana nzima na laini kama mgongo wa chungu kilichofudikizwa. Hakuwa na pembe mbili. Alikuwa na kiambaza, na mazungumzo yote aliyowahi kufanya na madaktari kuhusu mimba zake yalipaswa kuanza upya.

Mwongozo huu nawaandikia maafisa wa kliniki, wakunga na wapiga picha za ultrasaundi wanaofanya kazi kama yangu hapa Kisumu na katika kaunti jirani, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuliandika jina ambalo mgonjwa atatembea nalo maisha yake yote. Ombi langu kwao ni moja: jina la kasoro liandikwe mwisho, baada ya umbo la nje la mfuko, umbo la ndani, mlango wa kizazi, uke na figo kuelezwa kila kimoja peke yake. Kasoro hizi si nadra kama tunavyodhani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kuwa zinapatikana kwa asilimia 5.5 ya wanawake kwa jumla, asilimia 8 ya wanaotafuta mimba bila kupata, na asilimia 13.3 ya waliowahi kupoteza mimba.

Anza na mirija miwili

Anayeelewa jinsi viungo hivi vinavyojengeka hahitaji kukariri majedwali. Karibu na wiki ya 6 kila kiinitete, awe wa kike au wa kiume, huwa na jozi ya mirija iitwayo mirija ya Müller, kwa jina la mwanasayansi Mjerumani Johannes Müller aliyeieleza mwaka 1830. Kwa mtoto wa kiume homoni kutoka kwenye korodani huifanya inywee. Kwa wa kike mirija hiyo hufanya kazi tatu: kwanza inakua na kushuka chini kila mmoja kwa upande wake, kisha sehemu zake za chini zinakutana na kuungana katikati, na mwishowe ukuta unaobaki kati ya mirija iliyoungana unayeyuka ili uwazi uwe mmoja. Sehemu za juu zisizoungana ndizo mirija ya falopio. Sehemu ya chini ya uke hutoka kwenye chanzo kingine, na ndiyo maana panaweza kubaki kizuizi pale vyanzo hivyo viwili vinapokutana.

Sasa jiulize kazi ipi ilikwama. Mirija yote miwili isipokua, mfuko wa uzazi hukosekana; ukikwama mmoja, hupatikana nusu mfuko. Ikikua yote lakini isiungane, mwili wa mfuko huwa wa sehemu mbili, na mgawanyiko huonekana hata kwa nje. Ikiungana lakini ukuta wa katikati usiyeyuke, mfuko kwa nje huwa mmoja mzima na ndani hubaki kiambaza. Tofauti kati ya hali hizi mbili za mwisho ndiyo iliyompotezea mama wa Ahero miaka mitano.

Yapo mambo mawili zaidi ya kukumbuka. Ovari hazitokani na mirija ya Müller, kwa hiyo msichana asiye na mfuko wa uzazi anaweza kuwa na ovari zinazofanya kazi vizuri na matiti yaliyokua kama ya wenzake. Figo nazo hujengwa jirani kabisa na mirija hii na kwa wakati uleule. Linalovuruga upande mmoja wa mfuko mara nyingi huvuruga figo ya upande huohuo. Kwa wenye nusu mfuko, takriban asilimia 40 wana kasoro ya figo au njia ya mkojo. Ripoti ya mfuko wa uzazi isiyotaja figo haijakamilika, hata kama aliyeagiza picha hakuziulizia.

Kabla ya kuwasha mashine

Msikilize mgonjwa kwanza. Uliza hedhi ilianza lini au kama haijaanza kabisa, maumivu yanakuja lini na yanadumu siku ngapi, mimba ngapi zimepatikana na ziliharibika katika mwezi wa ngapi, kama mtoto aliwahi kulala vibaya tumboni, na kama kuna upasuaji wowote uliowahi kufanyika. Uliza pia kama aliwahi kukeketwa. Kovu la ukeketaji linaweza kuufinya mlango wa uke na kuzuia damu ya hedhi, na akiwekwa kwenye kundi la kasoro za kuzaliwa nazo tutakuwa tumemwandikia maumbile jambo lililotendwa na mikono ya watu, tena jambo lililoharamishwa nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011. Vivyo hivyo makovu ya ndani yanayobaki baada ya kusafishwa mfuko wa uzazi yanaweza kuziba upande mmoja, na kwenye eksirei mfuko huo ukafanana na nusu mfuko wa kuzaliwa nao.

Umri nao una uzito wake. Kabla ya kubalehe mfuko wa uzazi ni mdogo sana, na kwa msichana aliyechelewa kubalehe hubaki hivyo. Nimewahi kusoma ripoti zilizosema mfuko haupo kabisa, na baada ya homoni kuanza kufanya kazi ukaonekana bila shida. Kwa msichana wa namna hiyo andika kwamba mfuko haukuonekana katika picha hii. Usiandike kwamba haupo.

Kwa mwanamke mzima ambaye si mjamzito, mwite katika nusu ya pili ya mzunguko wake. Wakati huo utando wa ndani huwa mnene na hung'aa kwenye picha, na umbo la uwazi husomeka lenyewe bila kubahatisha. Probu, yaani kichwa cha mashine ya ultrasaundi, ya kuingizwa ndani ya uke ndiyo bora, lakini haitumiwi kwa msichana ambaye hajaanza tendo la ndoa. Huyo mpige kupitia tumboni kibofu kikiwa kimejaa, mama yake au dada yake akiwa chumbani, na picha hiyo isipokuwa ya kutosha mpeleke kwenye MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku. Eksirei ya mirija ina kazi yake, hasa ya kuonyesha kama mirija imeziba, ila isitumiwe peke yake kutoa jina la kasoro.

Mstari mmoja na vipimo vitatu

Hapa ndipo pa kutulia. Kwenye ultrasaundi ya 3D au MRI tafuta mkato wa koronali, yaani ule unaoutazama mfuko kutoka mbele, ambamo matundu ya mirija yote miwili ya falopio yanaonekana kwa pamoja. Ukionekana upande mmoja tu, zungusha picha tena kabla ya kupima chochote, kwa kuwa mkato ulioinama unaweza kuzua bonde ambalo halipo. Kisha chora mstari mnyoofu kutoka tundu la mrija wa kulia hadi tundu la mrija wa kushoto.

Kipimo cha kwanza ni kutoka kwenye mstari huo hadi ukingo wa nje wa sehemu ya juu ya mfuko: huo ndio unene wa ukuta. Cha pili ni kina cha bonde lolote lililo kwenye ukingo wa nje. Cha tatu ni umbali ambao nyama ya katikati imeshuka ndani chini ya mstari, ukipima hadi ncha yake. Ukiweza, pima pia pembe inayofanywa na pande mbili za nyama hiyo pale nchani. Andika milimita zote, hata zile unazodhani hazina maana.

Ukiwa na namba hizo unaweza kutumia mfumo wowote wa kuainisha. Mfumo uliotolewa mwaka 2013 na jumuiya mbili za kitaalamu za Ulaya, ESHRE na ESGE, unalinganisha kila kitu na unene wa ukuta. Bonde la nje likizidi nusu ya unene wa ukuta, mfuko ni wa miili miwili na hupewa alama U3. Nje pakiwa laini, au bonde likiwa chini ya nusu hiyo, na nyama ya ndani ikashuka zaidi ya nusu ya unene wa ukuta, ni mfuko wenye kiambaza, yaani U2. Kiambaza kikiishia njiani ni U2a, na kikifika kwenye tundu la ndani la mlango wa kizazi ni U2b. U0 ni mfuko wa kawaida, U1 ni ule ambao uwazi wake umepotoka umbo, kwa mfano kama herufi T, U4 ni nusu mfuko, U5 ni mfuko ambao haukujengeka, na U6 ni kasoro zisizoingia popote. U3 nayo ina ngazi zake: U3a mgawanyiko ukiishia juu ya mlango wa kizazi, U3b ukifika mlangoni, na U3c pale ambapo bonde la nje limefuatwa na kiambaza ndani.

Nguvu ya mfumo huu, na sababu ya mimi kuupenda, ni kwamba haumlazimishi mtu kufunga kila kitu ndani ya neno moja. Mlango wa kizazi una alama zake: C0 wa kawaida, C1 wenye kiambaza, C2 milango miwili, C3 uliokosekana upande mmoja, C4 uliokosekana kabisa. Uke nao una zake: V0 wa kawaida, V1 wenye kiambaza cha wima kisichoziba, V2 wenye kiambaza cha wima kinachoziba upande mmoja, V3 wenye kiambaza kilichokingama au kizinda kisicho na tundu, na V4 uke ambao haukujengeka. Kwa hiyo msichana mwenye kizinda kilichoziba tu huandikwa U0C0V3, na daktari aliye mbali anajua mara moja kwamba mfuko wake hauna neno.

Kabla ya hapo wengi wetu tulifundishwa mfumo wa Marekani wa mwaka 1988, wenye madaraja saba, kuanzia la kukosekana kwa viungo hadi la saba lililotengewa madhara ya dawa ya DES waliyopewa wajawazito miaka ya nyuma. Bado utaukuta kwenye faili nyingi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haukutoa vipimo, hivyo kila mtu alikadiria kwa macho. Wajerumani nao walitoa mfumo wao mwaka 2005, unaoitwa VCUAM, ambao ni wa kina sana lakini mimi sijaukuta kwenye faili za huku kwetu. Wamarekani waliurekebisha wa kwao mwaka 2021 na kuweka makundi tisa yenye majina ya maelezo badala ya namba, na hapo wakasema kiambaza ni nyama iliyoshuka zaidi ya sentimita 1 huku pembe ya nchani ikiwa chini ya nyuzi 90, na pembe mbili ni bonde la nje linalozidi sentimita 1.

Angalia sasa kinachotokea. Chukua mwanamke ambaye ukuta wake una unene wa milimita 10, nje ni laini, na ndani nyama imeshuka milimita 6. Kwa mfumo wa Ulaya 6 ni zaidi ya nusu ya 10, kwa hiyo huyo ni U2a, ana kiambaza. Kwa mfumo wa Marekani hajafika sentimita 1, kwa hiyo mfuko wake ni wa kawaida, au kama wanavyouita, umejipinda kama upinde kidogo tu. Ukiandika neno kiambaza bila milimita, daktari wa upasuaji atakayeisoma karatasi yako hatajua kama anatazama milimita 6 au 30, na mwanamke anaweza kupelekwa kukatwa nyama isiyomdhuru. Hili si jambo dogo: jaribio la kitabibu la mwaka 2021, lililogawa wanawake 80 wenye kiambaza katika makundi mawili kwa bahati nasibu, halikuonyesha kwamba waliokatwa walizaa watoto hai wengi kuliko wasiokatwa, walikuwa asilimia 31 dhidi ya 35. Kundi lilikuwa dogo na mjadala haujafungwa, lakini linatosha kutufanya tuandike kwa uangalifu. Mimi hutumia alama za Ulaya kwa kuwa zinaeleweka haraka, kisha naongeza sentensi inayosema kama kipimo hicho kingefikia kiwango cha Marekani au la.

Nusu mfuko, na mfuko usioonekana

Nusu mfuko huonekana kama ndizi iliyoegemea upande mmoja, na tundu la mrija ni moja. Usiishie hapo. Tafuta upande wa pili kama kuna pembe ndogo iliyobaki, na kama pembe hiyo ina uwazi wenye utando ndani yake, kwa sababu huo ndio mpaka kati ya U4a, yenye uwazi huo, na U4b, isiyo nao. Pembe yenye uwazi inaweza kushika mimba, na mimba hiyo huweza kuipasua katika miezi ya katikati na kumwaga damu nyingi tumboni. Kwa mwanamke wa kisiwani au wa kijiji ambacho barabara hukatika mvua ikinyesha, herufi moja hiyo ndiyo inayoamua kama atapewa onyo mapema.

Msichana aliyekua vizuri lakini hajawahi kuona hedhi, na picha haionyeshi mfuko, anaweza kuwa na hali iitwayo MRKH, inayokadiriwa kumpata msichana mmoja kati ya 5,000 hivi. Kromosomu zake ni 46,XX, yaani za kike, nywele za mwilini ni za kawaida, na alama yake mara nyingi ni U5bC4V4. Lakini yupo pia mwenye kromosomu 46,XY, yaani za kiume, ambaye mwili wake hauitikii homoni za kiume. Naye ana matiti, ana uke mfupi, hana mfuko, ila nywele za kinena na kwapa ni chache sana. Ultrasaundi pekee isiwatenganishe hawa wawili. Omba kipimo cha kromosomu na cha testosteroni, na uache nafasi ya jina wazi hadi majibu yarudi.

Hedhi inayotoka na hedhi iliyofungwa

Kasoro ninayoona ikipita mikononi mwa watu wengi bila kutambuliwa ni ile ya mifuko miwili ambapo uke wa upande mmoja umezibwa. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliletwa kutoka upande wa Muhoroni akiwa amekwisha kutibiwa taifodi, ameba na vidonda vya tumbo. Kila aliyemwona alimwuliza kama anapata hedhi, na kwa kuwa alijibu ndiyo, wazo la kuziba liliachwa. Nyanya yake ndiye aliyetufungua macho. Alitoa kwenye mkoba kalenda ya duka, ile ya kutundika jikoni, yenye misalaba ya kalamu ya bluu kila mwezi.

"Daktari, mjukuu wangu tumbo lake lina tarehe," akasema. "Damu inatoka, na bado tumbo linavimba."

Kwenye picha kulikuwa na mifuko miwili na milango miwili. Wa kushoto ulikuwa ukitoa damu kama kawaida. Wa kulia ulikuwa ukiimwaga damu yake katika uke uliofungwa, na uke huo ulikuwa umejaa na kutanuka kama puto la maji. Nilihamisha probu hadi ubavuni: figo ya kushoto ilikuwepo, kubwa kidogo kuliko kawaida, na ya kulia haikuwepo mahali pake. Hapo mambo yote matatu ya kasoro hii yalikamilika, yaani mifuko miwili, uke uliofungwa upande mmoja na figo inayokosekana upande huohuo, na alama yake ni U3bC2V2. Kanuni ya kufanyia kazi hapa ni rahisi: msichana mwenye figo moja na maumivu ya kila mwezi achunguzwe kama ana uke uliofungwa, hata kama hedhi yake haijawahi kukosa. Na damu hiyo isichomwe sindano ili kuipunguza, kwa kuwa sindano huingiza vijidudu kwenye damu iliyolala, ikageuka usaha. Kazi hiyo ni ya chumba cha upasuaji.

Ripoti tuliyomwandikia ilisomeka hivi: Mifuko miwili ya uzazi iliyoachana kabisa kwa nje hadi mlangoni. Milango miwili ya kizazi. Uke wa kulia umefungwa kwa kiambaza cha wima na umejaa majimaji mazito yanayolingana na damu ya zamani. Ovari zote mbili zimeonekana. Figo ya kulia haikuonekana ubavuni wala kwenye nyonga. Figo ya kushoto ni moja na inafanana na iliyokua zaidi kufidia. ESHRE na ESGE 2013: U3bC2V2. MRI inapendekezwa kabla ya upasuaji, na mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake.

Nyanya alitaka kujua jambo moja tu, kama mjukuu atazaa. Nilimweleza kwamba wengi wenye hali hii hupata watoto baada ya kizuizi kufunguliwa, kwamba mimba yake itahitaji kufuatiliwa kliniki kwa karibu zaidi, na kwamba kwa vile ana figo moja asinunuliwe dawa za maumivu ovyo dukani. Tuliipiga ripoti nakala mbili. Moja iliingia kwenye barua ya rufaa ya kwenda "Russia", kama watu wa Kisumu wanavyoiita hospitali kuu ya rufaa ya hapa, na ya pili nyanya akaikunja ndani ya kalenda yake na kuirudisha mkobani.